Dereva Aliyekosa Sababu

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na blanketi la maua, mkaniomba niandike kidogo juu ya kazi yetu, ili wanaoanza wasidhani uuguzi ulizaliwa pamoja na glavu za kutupa. Nimekubali kwa sharti moja. Sitaandika nilivyopanda vyeo, kwa maana nilijaribu juzi nikasinzia kabla ya kumaliza ukurasa. Nitaandika juu ya dereva wetu wa zamani na kikao kimoja cha Malaba, na asiyeniamini anajua nyumba yangu ilipo.

Nilifika kwenye kile kituo cha afya, kati ya Busia na Malaba, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa msichana wa Funyula mwenye kofia nyeupe iliyotiwa wanga mpaka ikasimama yenyewe. Chuoni nilifunzwa mengi, lakini si yale yaliyokuwa yakinisubiri. Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, tukiyachemsha katika sufuria juu ya stovu ya mafuta ya taa. Stovu ile ilikuwa na hasira zake: ukiipampu sana moto unafika darini, ukiipampu kidogo unatoka humo umekuwa mchoma makaa. Sindano ikiwa butu tuliinoa kwa jiwe. Ninyi mkisikia hivyo mnashika mdomo. Wagonjwa wetu walishika mahali pengine. Lakini kazi ilifanyika, na watu walipona.

Mwalimu wangu wa kwanza pale hakuwa nesi. Alikuwa Barasa, dereva wa Landirova ya wagonjwa, mtu mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Siku yangu ya kwanza tulitumwa kumchukua mama mwenye uchungu kijiji kimoja huko ndani, na mvua ilikuwa imenyesha. Gari likazama kwenye tope. Nikabaki nimekaa na kofia yangu, nikingoja mtu afanye jambo. Barasa akaniambia kwa heshima, "Sista, vua viatu. Viatu ni ya hospitali, miguu ni yako." Tukasukuma pamoja.

Wakati wa kurudi, yule mama akilia nyuma, mimi nilikuwa nikimwambia karibu tunafika, karibu tunafika. Barasa akanikatiza. "Usimwambie karibu, Sista. Hiyo karibu yako anaihesabu, na ikipita hatakuamini tena. Mwambie mahali tuko." Akaanza kumtajia mwenyewe, kwa sauti ya kuishinda injini: sasa tuko kwa mzee wa ng'ombe weupe, sasa ni kanisa, sasa ni ule mteremko wa kisima. Mama akatulia, akawa anasafiri badala ya kuteseka. Nimefanya hivyo maisha yangu yote ya kazi, hata na wagonjwa ambao hawakuwa ndani ya gari.

Kasoro ya Barasa ilikuwa moja, nayo kila mtu aliijua. Alipenda pombe. Hakuwa mlevi wa matusi wala wa kupiga watu. Akilewa alizidi adabu, akapunguza mwendo, akasalimia ng'ombe barabarani na kungoja waitikie. Tulimficha, kama wafanyakazi wanavyofichana, mpaka siku ile alipotumwa Busia kuchukua dawa akapitia kilabuni. Kwa bahati mbaya akakumbuka kwamba hairuhusiwi kuendesha ukiwa mlevi. Basi akaliegesha gari kando ya soko, akaingia nyuma, akalala juu ya machela, akajifunika blanketi jekundu mpaka kichwani ili nzi wasimsumbue.

Watu wa soko walichungulia dirishani wakaona maiti. Mama mmoja akaanza kulia, na mnajua kilio hakiliwi na mtu mmoja. Wengine wakajiunga, mchungaji akaitwa, ombi likaanza, na hapo katikati ya ombi Barasa akaketi, blanketi likiwa bado kichwani, akauliza ni nani aliyefariki. Nusu ya soko ilivuka mpaka ikaingia Uganda bila kuonyesha karatasi. Wengine hawakurudi kuchukua nyanya zao mpaka siku ya pili.

Habari zikamfikia Daktari, mkubwa wetu wa wilaya. Alikuwa mtu mwembamba wa kutoka mbali, mpole wa sauti na mgumu wa maamuzi. Alituita wawili, Barasa na mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa zamu. Alisema hatamfukuza Barasa bado. Lakini hatashika usukani. Atafyeka nyasi za kituo mpaka atakapojulishwa. Tena, alikuwa amesikia kwamba nchi nyingine watu walioshindwa na pombe hukutana kikundi, wakaongea, wakasaidiana kuacha. "Sista, tafuta kikundi kama hicho hapa mpakani," akasema. "Umpeleke kila wiki, uketi naye, uniletee habari. Akishindwa hapo, basi. Nitatafuta dereva mwingine wa kudumu."

Dereva wa muda tulikuwa tumeshaletewa. Alikuwa wa kuazimwa, na kazi yake ya miaka yote ilikuwa kuendesha rola, ile ya kushindilia barabara. Hakuwahi kuona sababu ya kubadilisha mwendo kwa kuwa tu amebadilisha chombo. Watoto walizaliwa nyuma ya gari lile kabla ya kufika lami, na ndugu wa mgonjwa walikuwa wakishuka, wakienda dukani, wakilifikia tena. Siku moja mzee mwenye henia aliomba ashushwe atembee, na akafika kituoni kabla yetu. Kwa hiyo mjue kwamba nilipotoka kutafuta kikundi, sikuwa namtafutia Barasa peke yake.

Sasa jaribuni ninyi kutafuta kikundi cha namna hiyo Busia ya wakati ule. Nilianza kanisani. Katekista alinisikiliza vizuri, akaniandikisha kwaya. Nikauliza sokoni: wapi hukutana watu wenye shida ya pombe? Kila niliyemuuliza alinielekeza kilabu, tena kwa ukarimu, na mmoja akanisindikiza mpaka mlangoni. Nilipoeleza kwamba ni watu wanaotaka kuacha, walinitazama kwa huruma, wakasema wote waliomo humo wanataka kuacha, niingie tu niwasikie. Mwanamume mmoja wa makamo akaninong'oneza, "Dada, usione haya. Hata mke wangu alianza kwa kuuliza-uliza hivi." Jioni ile mji mzima ulijua kwamba nesi wa kituo anakunywa.

Aliyenisaidia ni mtu ambaye singemfikiria. Alikuwa Mama Nafula wa Burumba, mpika pombe ya busaa mashuhuri, mama mkubwa aliyekaa kwenye kigoda chake utadhani amekijengea. Nilimwendea kwa kuwa nilikuwa nimechoka na kulikuwa na kivuli. Nikamweleza. Hakucheka. Alikunja uso kwa uchungu wa mfanyabiashara.

"Hao watu nawajua," akasema. "Wamenimalizia wateja. Kulikuwa na fundi wa baiskeli, mtu mzuri, anakunywa kutoka asubuhi. Siku moja hakuja. Nikasema labda amekufa, nikavaa leso nikaenda matanga. Namkuta anatengeneza gurudumu, ananiambia ati ameacha! Mimi na leso yangu ya matanga!"

"Alienda wapi, mama?"

"Malaba, kwa Mzee Ekirapa, ule wa reli. Jumamosi mchana. Nyuma ya nyumba yake, ile ina ua wa mabati." Halafu akaniuliza, "Unampeleka nani?"

Nilipomtajia Barasa alifumba macho. Barasa alikuwa mteja wake pia. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwake. "Mpeleke, mwanangu. Ule alinibebea mtoto wangu hospitali na mvua, akiwa hajalewa. Busaa nitauzia wengine."

Basi Jumamosi hiyo nilitoka zamu, sikupata muda wa kubadili sare, nikapanda nyuma ya baiskeli ya Barasa. Ilikuwa safari ya ajabu. Kila tulipofika mlima mkono wake wa kushoto ulishuka kutafuta gia ambayo haikuwapo, na kila tulipotaka kusimama alikanyaga chini kwa mguu kutafuta breki. Nilimshika kiuno nikimwomba Mungu amkumbushe anaendesha nini.

Kwa Mzee Ekirapa tulipokelewa na mzee mwenyewe, mtu wa kabila la Wateso, mrefu mwenye mvi, aliyefanya kazi ya kugeuza njia za treni pale stesheni ya Malaba mpaka alipostaafu. Akatusalimia kwa Kiteso, "Yoga, yoga, karibuni," akatuingiza uani. Watu walikuwa wameketi duara kwenye viti vya chini. Katikati palikuwa na chungu kikubwa cheusi, kinatoa mvuke, na kila mtu alikuwa na mrija mrefu mkononi, ncha moja mdomoni na nyingine ndani ya chungu. Ni vile vile Wateso wanavyokunywa pombe yao ya wimbi tangu zamani. Barasa alinigeukia akang'aa uso mzima. "Sista," akasema, "hiki kikundi nitaweza."

Akakabidhiwa mrija, akavuta kwa nguvu zake zote, akaruka. Ilikuwa chai ya turungi yenye tangawizi, imetoka motoni wakati huo huo. Ulimi wake ulivimba mpaka Jumatatu.

Mzee Ekirapa alinieleza baadaye kwa nini. Walipoanza waliketi kwenye mabenchi, wakitazamana, na hakuna aliyefungua mdomo. Mtu wa hapa amezoea kusema ya moyoni akiwa na mrija mkononi na macho yakiwa kwenye chungu. Ukimnyang'anya chungu unamnyang'anya na ulimi. Basi wakarudisha chungu, wakabadili kilichomo. Maziwa walijaribu, yakaziba mirija. Sheria zilibaki zile zile za wazee: hupulizi ndani, huchungulii chungu, husimami na mrija mdomoni. Moja tu waliiongeza wao. Anayetaka kusema huutoa mrija wake chunguni akaulaza magotini, na wengine wote huendelea kunywa huku wakitazama chai, ili asitazamwe yeye. Nimehudhuria semina nyingi za ushauri tangu wakati ule, zenye mabango na kalamu za rangi, na bado sijaona njia iliyo bora kuliko hiyo ya kumsikiliza mtu.

Walisema kwa zamu kilichowatuma kwenye pombe. Fundi wa baiskeli alinyang'anywa shamba na mjomba wake. Mama mmoja muuza samaki, aliyekuwa akitoka Port Victoria na makapu yake, aliachwa na mume mwezi ule ule mashua yao ilipozama. Na Mzee Ekirapa alikuwa na sababu iliyowanyamazisha wote. Mdogo wake alikanyagwa na treni ya mizigo pale pale stesheni, kwenye njia aliyoigeuza yeye kwa mikono yake. Kila alipoisimulia, watu walisahau kunywa. Mimi nililia waziwazi, na mama wa samaki akanipa kona ya leso yake.

Barasa hakusema kitu. Wiki ya kwanza tukadhani ni ulimi. Wiki ya pili hakusema, ya tatu hakusema. Alikuja bila kukosa, akanywa chai nyingi kuliko wote, na pombe hakuigusa. Hilo naweza kuapa, nilikuwa namnusa kila asubuhi kabla sijampa fyekeo. Lakini mrija wake haukutoka chunguni hata mara moja.

Wakati huo umbea ulikuwa safarini. Mtu mmoja alinichungulia juu ya mabati, akaona sare, kofia na mrija. Ulipofika Funyula kwa mama yangu, nilikuwa nakunywa na madereva wa malori. Ulipofika mezani kwa Daktari, nilikuwa nacheza. Akaniita. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama wima, mpaka sheria ya kutopuliza. Alinisikiliza bila kucheka, na hilo ndilo lililonitisha.

"Na Barasa ametaja chanzo?" akauliza.

"Chanzo cha nini, Daktari?"

"Cha kunywa kwake. Sista, homa ina chanzo, kuhara kuna chanzo. Nisipojua kilichomfanya anywe, nitajuaje kwamba hakitamrudisha? Siwezi kuwapa akina mama wajawazito gari la mtu ambaye sijui kinachomsumbua." Akafikiri. "Jumamosi nitakuja mwenyewe. Nataka nisikie akikitaja. Asipokitaja, nitaomba dereva mwingine."

Nilimkuta Barasa kwenye nyasi, nikampa habari. Aliliweka fyekeo chini, akakaa juu ya jiwe, akaniambia siri iliyomfunga mdomo wiki zote zile. "Sista, mimi sina sababu."

Nikamwambia kila mtu anayo. Tukaanza kuitafuta kama watu wanaotafuta ufunguo. Baba yako? Yuko mzima, analima mihogo. Mama? Juzi alimletea kuku. Mke? "Mke wangu ni mzuri kunishinda, Sista, hata wewe unajua." Watoto walikuwa wanapita mitihani. Hakuwahi kufiwa ila na bibi yake mzaa mama, aliyekufa mzee sana, akicheka. Hata kulogwa hakulogwa, alikwishauliza. "Wale wengine wameteseka," akasema, na sauti yake ilikuwa imeingia aibu kabisa. "Mimi nikisema sina kitu, watanifukuza. Wataona nimekuja kuchezea chai yao."

Tulipeleka shida hiyo kwa wenzake, na wema wao sitausahau. Walijitolea kumwazima. Mama wa samaki alisema, "Mimi niko na mbili, bwana na mashua. Chukua mashua." Barasa akakataa kwa kuwa anaogopa maji na kila mtu anajua. Fundi wa baiskeli akamwachia shamba lake lililonyang'anywa na mjomba, alitumie bure, mradi asiliongezee chumvi. Mzee Ekirapa peke yake hakuazima. Alikuwa anauzungusha mrija wake vidoleni.

Juma lile lote, yeye akifyeka na mimi nikianika bandeji zilizofuliwa, tulifanya mazoezi.

"Nani alikunyang'anya shamba?"

"Mjomba."

"Alikunyang'anyaje?"

"Hapo fundi hakunieleza, Sista." Akafyeka kidogo. "Tena mjomba wangu ndiye alinilipia karo. Tukikutana kanisani nitamwangaliaje?"

Nikamwambia afikirie mjomba wa fundi. Akasema amejaribu, lakini akifumba macho anakuja wa kwake, tena anatabasamu.

Jumamosi ikafika. Daktari alikuwa ameondoka Busia baada ya chakula cha mchana kwa Landirova yetu, akiendeshwa na yule wa rola, kwa hiyo tulimngoja sana. Chai ilipashwa moto mara kadhaa. Alipoingia uani alikuwa na vumbi na uso wa mtu aliyefikiria mengi njiani. Akabaki amesimama karibu na mlango, mikono nyuma, kama anavyokagua wodi.

Mzee Ekirapa akamwambia, "Mkubwa, hapa hakuna mtu anasimama. Ukisimama unaangalia ndani ya chungu, na hiyo ni vibaya." Akamsogezea kigoda. Daktari aliketi, magoti yakamfika kifuani. Akapewa mrija. Akanusa, akavuta kidogo kidogo kwa uangalifu wa kisomi, akatikisa kichwa kukubali. Ile hofu ya pombe ikaisha hapo hapo, ikabaki hofu yangu nyingine.

Barasa akautoa mrija wake chunguni. Sote tukainamisha macho kwenye chai na kunywa, hata Daktari, ambaye hakuna aliyemfundisha.

"Jina langu Barasa," akaanza. "Mimi nilianza kunywa kwa sababu ya mjomba wangu. Huyu mjomba wangu..." Akakwama. Nilisikia mirija ikivuta. "Huyu mjomba wangu ni mtu mzuri sana."

Fundi wa baiskeli alikohoa. Mimi nilifunga macho nikaanza kufikiria maisha yangu na dereva wa rola.

"Hapana," akasema Barasa. "Shamba si langu. Ni la fundi, ameniazima. Daktari, mimi sina sababu. Nimetafuta na Sista wiki nzima, hatukuipata. Hakuna mtu alinitesa. Nilionja siku ya harusi ya binamu yangu, ikawa tamu. Kesho yake nikasema, wacha nione kama bado ni tamu. Ikawa bado. Nimeangalia hivyo miaka kumi na kitu. Mke wangu akalia, nikaenda kuangalia kama ni tamu. Nikalala kwenye machela watu wakanililia, na mimi niliposhtuka, jambo la kwanza kufikiria ni ile nimeacha kwenye kikombe. Ninyi mna sababu. Mimi nimekula maisha ya watu wa nyumbani kwangu bure, bila hata sababu. Ndiyo ninaona haya kusema."

Hakuna aliyekunywa. Chungu kilitoa mvuke, na upande wa stesheni injini ilikuwa inapanga mabehewa. Niliogopa kumtazama Daktari.

Kisha nikasikia mrija mwingine ukitoka chunguni. Ulikuwa wa Mzee Ekirapa. Aliulaza magotini, akaupangusa kwa kiganja, tena na tena.

"Ndugu yangu hakukanyagwa na treni," akasema. "Yuko Tororo. Anauza ng'ombe."

Mama wa samaki aliniangalia, mimi nikaiangalia leso niliyoililia.

"Yuko mzima, ana nguvu kunishinda," mzee akaendelea. "Baba alituachia ng'ombe, zake na zangu, nikae nazo mpaka aoe. Nilikunywa zangu. Halafu nikakunywa zake, moja moja. Siku yake ya kutoa mahari alikuja na kamba, akakuta zizi tupu. Hakunipiga. Alikunja kamba yake akavuka daraja la mpakani, hatujaonana tena. Watu wakiniuliza nikasema amekufa, na ile treni ikaja yenyewe mdomoni. Nimemlilia hapa kila Jumamosi. Kumlilia maiti ni rahisi, wandugu. Yule aliye hai ndiye nimeshindwa kumwendea." Akamgeukia Barasa. "Na mimi nilianza hivyo hivyo. Ilikuwa tamu."

Sijui ni nani aliyeanza kucheka. Nadhani ni fundi. Lakini tulicheka wote, mpaka mirija ikaanguka, mpaka Mzee Ekirapa mwenyewe akacheka huku machozi yakimtoka, na mama wa samaki akaivua leso yake akampelekea mwenye haki nayo. Fundi akasema shamba lake lilinyang'anywa kweli, aliapa, lakini akikumbuka vizuri wakati wa kesi alikuwa tayari amelewa, ndiyo maana alishindwa.

Daktari hakucheka. Alingoja tutulie, mrija wake bado uko mkononi, halafu akaulaza magotini kama alivyoona wengine wakifanya. Nilidhani sasa anatoa hukumu.

"Barasa," akauliza, "na sasa? Bado unaona ni tamu?"

Nilitamani Barasa aseme hapana. Neno dogo tu, na alikuwa anajua linalongojewa.

"Sana, Daktari," akasema. "Hata hapa nilipo, ulimi unaikumbuka. Ndiyo maana Jumamosi siwezi kukosa."

Daktari aliinamisha kichwa kidogo. Aliurudisha mrija kwa mzee kwa mikono miwili, akashukuru kwa chai, akasimama na kupangusa suruali. Alitoka mpaka kwenye Landirova, sisi tukimfuata kwa mbali kama watu wa harusi iliyovunjika. Yule wa rola alikuwa tayari ameketi kwenye usukani. Daktari akafungua mlango, akamwambia kwa upole ahamie nyuma. Kisha akazunguka, akapanda upande wa abiria, akafunga mlango wake, akatazama barabara iliyo mbele.

Barasa alisimama pale pale, mikono inaning'inia, hajaelewa. Mzee Ekirapa ndiye aliyemsukuma begani.

"Enda, bwana. Mkubwa anangoja dereva."

Mimi nilipanda nyuma, nikaketi kwenye machela, na gari lilipoondoka likaondoka kweli, vumbi likasimama nyuma yetu mpaka Malaba yote ikapotea. Nililia kutoka pale hadi Busia kwa furaha niliyoshindwa kuizuia. Yule wa rola alidhani ni mwendo unaonitisha. Akanishika mkono, akafumba macho, akaniambia tuombe.